Aliyechomoa waya zikiwa zimebaki sekunde 11, najua unausoma huu uzi

Kijani Kibichi:

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Chai ya jana usiku iko mezani hadi sasa, sijaigusa.

Jina sitaji. Wa Magomeni wote mnamjua. Ni yule ambaye mechi haijaanza keshakalia kiti cha mbele, hajalipa, na anamtuma mtoto wa watu akamletee kashata. Huyo huyo.

Jana jioni kibanda umiza hakikuwa na mpira. Mwenye kibanda akaniambia, "Chomeka yako mdogo wangu, mradi bando lako." Simu yangu, bando langu, waya wangu nilioununua Kariakoo kwa elfu kumi na tano. Mpira wa kikapu, Žalgiris na Rytas. Kaunas na Vilnius. Kwa asiyejua, kule Lithuania hao ndio Simba na Yanga. Robo ya nne, sisi Žalgiris tuko nyuma pointi moja, mpira wetu, zimebaki sekunde 11. Kocha kaita mapumziko, anachora ubaoni. Hata wazee wa drafti walikuwa wameshageuza viti!

Akanyanyuka. Akachomoa waya. Akapaza sauti ya mpiga debe: "Lithuania ndiyo nini, dawa ya minyoo?"

Kibanda kizima kikacheka mpaka mabati yakatikisika. Halafu akaweka MARUDIO ya mechi ya juzi. Mechi ambayo alikuwepo uwanjani kwa miguu yake, matokeo anayo, na jezi ya siku ile alikuwa nayo mwilini haijaona sabuni.

Sekunde 11 wakuu! Angesubiri apike hata yai? Asingewahi hata kulivunja!

Mimi hii ligi sikuiokota jalalani. Mwaka 2023 Lithuania iliifunga Marekani 110-104 kwenye Kombe la Dunia, Manila. Nchi ya watu wasiofika milioni tatu, wakati Dar peke yake sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni tano. Nikajiuliza hawa wanakula nini. Nikaanza kufuatilia, nikakuta Žalgiris ipo tangu 1944, imebeba ubingwa wa Ulaya 1999, na ukumbi wao wa Kaunas unajaa watu elfu kumi na tano na zaidi, wote kijani. Nikamkuta Arvydas Sabonis, mita 2.21, urefu ule ule wa Hasheem Thabeet wetu. Portland, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, walimchagua 1986, akafika kwao 1995, miguu imeshachakazwa na majeraha, na bado mipira anaipasia mgongoni kama ana macho kisogoni.

Na jambo la pili: NBA inachezwa saa 10 alfajiri. Mimi saa 12 niko gengeni napanga nyanya. Lithuania saa zao na zetu zinakaribiana, majira ya joto zinalingana kabisa. Wanacheza jioni, nimefunga genge, nimeoga. Ni ligi inayonikuta nikiwa macho. Dawa ya minyoo! Mbele ya shemeji yangu!

Kahawa Chungu:

Naweka kiti. Ila mkuu, tuwe wakweli, hilo la minyoo limenichekesha, na niko msibani.

Dada wa Tandale:

Pole kaka yangu. Huyo mtu mwaka jana alizima tamthilia yangu mchumba anavuliwa pete. Mpaka leo sijui kama aliivua yote.

Kijani Kibichi:

@Kahawa Chungu cheka tu. Siku ukichomolewa wako utanitafuta. Sekunde 11, na ubao wa kocha umeshachorwa! Matokeo nimeyasoma kwenye simu usiku, peke yangu, kama mtu anasoma tangazo la kifo.

Pointi Tatu:

Mkuu unalia na sekunde 11 wakati 2024 hao hao Rytas waliwanyang'anya ubingwa mkiwa mmetoa macho? Jamaa amekuokoa na presha.

Kijani Kibichi:

Kumbe na Rytas mpo humu! Basi wewe ndiye ungeumia kuliko mimi, maana nanyi hamkuuona mwisho.

Pointi Tatu:

Hapo umenipata. Achomolewe na yeye.

Mzee wa Drafti:

Mimi ni mmoja wa wale waliogeuza viti. Kijana anasema kweli, ilikuwa imefika patamu. Lakini mbona hamsemi habari ya feni? Buku tunalipa, feni inazunguka kama inasukumwa kwa mkono. Nimeandika hapa mara tatu, hakuna anayejali.

Dada wa Tandale:

Shikamoo mzee. Afadhali nyie mna feni. Kwetu kuna mtu anapeperusha boksi, na boksi lenyewe anakodisha.

Fundi Sim:

Samahani wakuu, nimerudi juu kusoma tena. Waya wa simu kwenda kwenye luninga ELFU KUMI NA TANO? Umepigwa kaka. Huo ni elfu nane.

Kahawa Chungu:

Elfu nane ya wapi? Wa elfu nane picha inakuja, sauti inabaki kwenye simu.

Kijani Kibichi:

Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kachomoa waya zimebaki sekunde

Fundi Sim:

Ndiyo huo waya tunaouzungumzia. Aliuchomoa kwa kuuvuta au alishika kichwani? Ukivutwa unakatika kwa ndani.

Kijani Kibichi:

Aliuvuta.

Fundi Sim:

Basi huo umekwenda. Usinunue mwingine kabla hujaniona.

Mzee wa Drafti:

Hilo duka la elfu nane liko upande gani wa Kariakoo? Mjukuu wangu anautafuta.

Pointi Tatu:

Na mimi nielekezwe.