Naingia thieta wiki ijayo kupunguza tumbo, siku yenyewe inakuwaje?

Dada_Tulia

Habari zenu wapendwa. Nimeshapewa tarehe, ni wiki ijayo, nafanyiwa slivu yaani ile ya kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula unabaki mwembamba kama bomba. Operesheni yenyewe daktari alinieleza vizuri tu, matundu madogo, kamera, na sasa hivi niko kwenye ile diet ya kusinyaza ini kabla ya operesheni, nayo namshukuru Mungu naimudu. Ila siku yenyewe ndo sina picha kabisa. Nikishafika pale mapokezi kinafuata nini? Nakaa muda gani kabla ya kuitwa? Ule usingizi unakujaje, na nikizinduka nitakuwa na maumivu ya kiasi gani, na mume wangu atakuwa wapi muda wote huo? Halafu ndugu zangu wananitisha sana, kuna shangazi kila akipiga simu ananiambia watu wanakufa kwenye hizi operesheni, mpaka usiku silali vizuri. Naomba aliyepitia anielezee toka asubuhi mpaka usiku, hata yale madogo madogo, mimi nikishajua kitu kinakuja naogopa kidogo. Na nibebe nini jamani?

MamaWawili_Slivu

Hongera dada kwa kufika hapo, kupata tarehe tu ni safari ndefu. Mimi nilifanya hiyohiyo slivu.

Kwanza jiandae kwamba sehemu kubwa ya siku ni kusubiri. Unaambiwa ufike alfajiri au asubuhi mapema, unafika, unaandikishwa, unavalishwa kile kibangili cha mkononi chenye jina lako na tarehe ya kuzaliwa, halafu unakaa. Anakuja nesi anakupima presha, mapigo, oksijeni, uzito, kama una kisukari anakutoboa kidole, na wanawake wengi wanapimwa mimba hata kama umeshawaambia huna, usikasirike ni utaratibu tu. Halafu unakaa tena. Anakuja daktari wa upasuaji, mnarudia mazungumzo, unasaini ile fomu ya ridhaa kama hukuisaini mwanzo. Anakuja daktari wa usingizi. Na kila anayekuja anakuuliza jina lako nani, umezaliwa lini, unafanyiwa nini leo, una aleji ya dawa yoyote. Utaulizwa mpaka uchoke, na mwenzio hapo ndo roho ilianza kutulia maana nikaona kumbe hawa watu hawafanyi kazi kwa kubahatisha.

Baada ya hapo unavua kila kitu, hereni, pete, lensi za macho, meno ya bandia kama unayo, rangi ya kucha itoe nyumbani kabisa kwasababu kile kibanio cha kidoleni kinasoma oksijeni kupitia kucha. Unavaa gauni lao la kufunga nyuma na soksi ndefu za kubana miguu, hizo soksi kuzivaa ni kazi, mwache nesi akusaidie. Unawekewa sindano ya dripu mkononi.

Thieta ni baridi sana na taa kali, watu wengi wamevaa maski, kwa kweli hapo ndo moyo ulinienda mbio kuliko sehemu yoyote. Kitanda ni chembamba na watakufunga mikanda miguuni na kiunoni, usishtuke, ni kwasababu wakishaanza kazi wanakiinua upande wa kichwa ili viungo vya tumboni vishuke wapate nafasi, sasa bila mikanda utateleza. Wanakusomea tena jina lako kwa sauti mbele ya timu nzima. Wanakuwekea maski ya oksijeni, wanakwambia vuta pumzi ndefu, dawa ikiingia mkononi unaweza kuhisi inawasha kidogo kwenye mshipa, na hapo ndo mwisho wa kukumbuka. Hakuna kuhesabu mpaka mia, hakuna ndoto. Unafumbua macho unaambiwa imeisha.

Cha kubeba ni kidogo tu: chaja yenye waya mrefu, mafuta ya mdomo maana midomo inakauka vibaya, nguo pana isiyobana tumboni ya kurudia nyumbani, ndala za kuingiza mguu bila kuinama, na kamto kadogo ka kuweka tumboni ukikohoa na baadae kwenye gari chini ya mkanda. Basi. Watu wanabeba sanduku zima halafu hawafungui.

Nesi_wa_Zamu

Habari dada Tulia. Mimi ni nesi, nimefanya kazi miaka mingi chumba cha kuzindukia, pale wagonjwa wanapoletwa wakitoka thieta. Mama Wawili kaeleza vizuri sana, mimi nitaongezea upande ambao mgonjwa haoni.

Shangazi yako tumheshimu, anaongea kwa mapenzi. Ila takwimu za hospitali zinazofanya hizi operesheni kwa wingi zinaonyesha anayefariki ndani ya siku 30 ni karibu mtu 1 kati ya 1000, mara nyingi pungufu, hatari inayokaribiana na ya kutolewa kifuko cha nyongo ambayo watu wanafanyiwa kila siku bila shangazi yeyote kupiga simu. Hatari ipo, ndiyo maana tunauliza maswali mengi, lakini sio kama inavyosimuliwa.

Sasa kitu kilicho mikononi mwako mwenyewe ni ukweli utakaompa daktari wa usingizi. Nakuomba sana hapa. Unakoroma? Kuna mtu kakuona pumzi zinakatika usingizini? Sema. Kama unalalia mashine ya kusaidia pumzi usiku kuja nayo hospitali na maski yake, maana dawa za usingizi na za maumivu zinapunguza nguvu ya kupumua na usiku wa kwanza ndo tunakuangalia zaidi. Unavuta sigara, hata moja moja? Sema. Dawa za mitishamba, virutubisho, vidonge ulivyopewa na rafiki, sema vyote, hakuna anayekuja kukuhukumu, sisi tunataka tu uamke salama.

Na dawa zako za kila siku uliza kila moja kwa jina lake, usiseme tu "natumia za presha". Zipo za presha unazomeza asubuhi hiyohiyo kwa fundo dogo la maji na zipo unazoambiwa uache. Za kuzuia damu kuganda zina ratiba yake ya kusimamisha. Za kisukari ndo usicheze nazo kabisa, zile zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo kama empagliflozin na dapagliflozin zinasimamishwa angalau siku 3 kabla, kwasababu ukiwa huli zinaweza kufanya damu ijae asidi hata kama sukari kwenye kipimo inaonekana nzuri.

Kufunga ni hivi, kwa kawaida chakula masaa 6 mpaka 8 kabla, maji matupu yanaruhusiwa mpaka masaa 2 kabla, lakini fuata karatasi yako uliyopewa hata kama ni kali kuliko hivyo. Tumbo likiwa na kitu, ukilala kile kitu kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na hilo ni janga. Ukisahau ukala, piga simu useme. Kuahirishwa ni bora mara mia.

Ukizinduka pale kwetu utakuwa na maski ya oksijeni, koo litakuwa linakwaruza kwasababu ya mpira wa kupumulia uliokuwemo, unaweza kutetemeka kwa baridi, tunakufunika. Miguuni utasikia kitu kinabana na kuachia, kinabana na kuachia, hiyo ni mashine ya kusukuma damu isigande kwenye miguu. Wengine wanaamka na mpira wa mkojo au kamrija tumboni ka kutolea maji, wengine hawana kabisa, inategemea daktari wako. Tutakuuliza maumivu kati ya 0 na 10 ni ngapi, usijikaze! Anayejikaza hapumui vizuri wala hatembei, na hivyo viwili ndo tunavitaka kwako. Kichefuchefu nacho sema mapema, kwa slivu kinakuja sana saa za mwanzo na dawa zipo za aina nyingi, moja ikishindwa tunabadilisha.

Kaka_Hatua

Mi nilifanya baipasi sio slivu, ile ya kutengeneza kimfuko kidogo halafu utumbo unaunganishwa upya, inachukua muda mrefu kidogo ila siku yenyewe hospitali haina tofauti kubwa.

Dada watu wote wanaogopa vidonda vya tumboni, nisikilize mimi, vile vidonda ni vidogo na vinavumilika, kinachosumbua ni GESI. Wanajaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi ili kamera ione vizuri, wakimaliza wanaitoa ila haitoki yote, inayobaki inasumbua ule msuli wa chini ya mapafu na maumivu yake unayasikia begani, yes begani, hasa la kulia, mpaka unajiuliza nimefanyiwa operesheni ya tumbo au ya bega. Sio moyo, sio kwamba walikulaza vibaya, ni gesi na dawa yake ni kutembea, vidonge vya maumivu haviigusi sana. Kitambaa cha joto begani kinasaidia pia.

Na kutembea watakunyanyua siku hiyohiyo, masaa machache tu baada ya kurudi wodini. Utamwona nesi mkatili, mi nilimwangalia vibaya kweli yule dada mungu ambariki, lakini amka. Mara ya kwanza usiruke ghafla, geuka kwa ubavu, shusha miguu, kaa pembeni ya kitanda mpaka kizunguzungu kiishe, ndo usimame na mtu kakushika. Hatua chache mpaka mlangoni na kurudi, baadae korido, baadae tena korido. Inatoa gesi, inazuia damu kuganda, inafungua mapafu. Na kile kidude cha plastiki cha kuvutia pumzi chenye mipira inayopanda juu ukivuta, kivute kila saa ukiwa macho, mapafu yakikaa yamejikunja nimonia inaingia.

Maji nayo, ukiruhusiwa kunywa watakupa kikombe cha dawa cha mililita 30 na unakimaliza kwa robo saa hivi. Utakiona kama dharau lakini jaribu kumeza fundo la kawaida uone kifua kitakavyobana, lile tumbo jipya limevimba ndani halina nafasi. Fundo dogo, subiri, fundo dogo. Hospitali zingine zinakupima kwanza kama kuna panapovuja ndo unapewa maji, ukiona bado huna kikombe usidhani wamekusahau. Na usinywe kwa mrija, unaingiza hewa.

Ah na kingine, ukijipima ukirudi nyumbani ukakuta uzito umepanda usilie, ni maji ya dripu, yatatoka yenyewe.

Baba_Msubiri

Mimi sikufanyiwa, alifanyiwa mke wangu, naongea kwa niaba ya mumeo shemeji. Mwambie mapema kwamba operesheni ya slivu ni kama saa moja mpaka moja na nusu lakini yeye ahesabu masaa 4 au zaidi bila kukuona, maana kuna muda wa maandalizi, kukulaza, halafu chumba cha kuzindukia hawaruhusu ndugu sehemu nyingi. Mimi hakuna aliyeniambia hilo, ile saa na nusu ilipopita nikaanza kuona kila daktari anayepita kama analeta habari mbaya. Aache namba ya simu kwa nesi, aulize nani atampigia wakimaliza, halafu ale. Pete na simu yako abaki nayo yeye. Na akija wodini akukute umepauka, unasinzia katikati ya sentensi, mwambie kabisa sasa hivi kwamba hiyo ni kawaida asiogope.

Pia yeye ndo awe anaandika maelekezo ya dawa siku ya kutoka, wewe utakuwa na dawa kichwani hutakumbuka. Kuna sindano za kuzuia damu kuganda wengine wanaendelea kujichoma nyumbani, mke wangu alikuwa haziwezi nikafundishwa mimi, aombe aonyeshwe palepale kabla hamjaondoka.

Dada_Tulia

Jamani sijui niseme nini, nimesoma yote mara mbili na kumsomea mume wangu, kile cha masaa 4 kakiandika kabisa. Nesi wa Zamu naomba nikuulize kitu. Nilikuwa najichoma sindano ya semaglutide, ile ya kupunguza hamu ya kula, kila wiki, ya mwisho ni juzi. Kwenye fomu walisema niandike vidonge, hii ni sindano sikuiandika. Ina shida?

Nesi_wa_Zamu

Piga simu leo dada, usisubiri siku ya operesheni. Hiyo sindano inachelewesha tumbo kutoa chakula, mtu anaweza kuwa amefunga masaa yote aliyoambiwa na bado tumbo lina kitu, na nimeshakueleza kitu kikipanda ukiwa usingizini inakuwaje. Wao wataamua kama uruke dozi inayofuata, kama diet ya majimaji tu iendelee mpaka siku yenyewe, au kama watakupima tumbo kwa ultrasaundi asubuhi ile kabla ya kukulaza. Inawezekana kabisa tarehe isibadilike ila lazima wajue. Waambie jina la dawa, dozi, na siku uliyochoma mwisho. Asubuhi ya operesheni mwambie tena daktari wa usingizi kwa mdomo wako, hata kama umeona imeandikwa kwenye faili.

Na siku mkitoka, mkae na namba ya kupiga usiku. Mapigo ya moyo kwenda mbio hata umepumzika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, kushindwa kupumua, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, kutapika mpaka maji hayakai, kwa lolote kati ya hayo unapiga saa hiyohiyo.

Dada_Tulia

Nimepiga. Wamenishukuru kuwaambia, dozi inayofuata nisichome, niendelee na majimaji tu, na asubuhi ile nifike mapema zaidi wanipime tumbo. Tarehe ni ileile.