Klachi ya mbio kwenye gari la kupanda feri: ni haki ya mwenye gari, au ni balaa kwa anayetembea mbele yake?

Mleta mada

Wenzangu, nimeleta jambo na sitaki mnihurumie. Nataka tubishane.

Gari langu ni Corolla ya 1990, umbo la AE92, ilikuwa na injini ya 4A-FE. Mwaka jana nikaitoa nikatia 4A-GE ya valvu 20, ile ya kifuniko cheusi. Kiwandani injini hiyo ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 165 kwenye mizunguko 7,800, na nguvu ya kuzungusha Nm 162. Logbook nimeibadilisha, kabla hamjaniuliza.

Haukupita muda klachi ya zamani, ile inayounganisha injini na giaboksi, ikaanza kuteleza. Niko daraja la Nyali, gia ya nne, nakanyaga mafuta, sindano ya mizunguko inapanda na gari liko pale pale. Nikashauriwa nitie ya mbio: sahani ya vipande sita vya seramiki, kitovu kisicho na springi, presha pleti nzito (ndiyo inayoibana sahani), na flaiwili nyepesi juu yake (gurudumu la injini ambalo sahani hulishika). Nikatia. Barabara ya Mariakani usiku, wallahi, ni raha tupu.

Wiki ya pili nikavuka Likoni kwa feri, hapa Mombasa, kumzuru shangazi. Zilikuwa siku za bamvua na maji yamekupwa hasa, kwa hivyo kutoka kwenye feri ni kupanda mlima. Foleni yaenda hatua moja moja. Watu wametoka pamoja nasi, mikokoteni imetoka pamoja nasi. Sasa ile seramiki haijui "kidogo". Ama imeshika, ama haijashika. Nikainua mguu, gari likaruka kama mbuzi, likazima. Nikawasha, likazima tena. Mara ya tatu nikaongeza mafuta ili lisizime, likaruka mbele nusu mita, na mzee mmoja wa mkokoteni akaweka kiganja juu ya boneti kama anayelizuia kwa mkono. Hakunitukana. Aliniangalia tu.

Basi nasema hivi: gari lenye klachi kama hii lisipandishwe feri, na mlinzi wa feri akilirudisha ana haki. Rafiki zangu wanasema nimeogopa kivuli changu. Mwasemaje?

Kijana wa Nyali

Kaka, tatizo ni mguu wako, klachi waionea bure. Mimi nina Impreza GC8 ya turbo, seramiki ya vipande vinne, navuka kila wiki. Wapandisha mizunguko mpaka 2,500, waachia mara moja, waenda. Ukiibembeleza ndipo inapotetemeka.

Na tuseme ukweli. Matatu ngapi huzima kwenye ule mteremko kila siku? Lori ngapi hupanda na klachi iliyokwisha, inanuka mpaka abiria wanaziba pua? Yako yashika mno, zao hazishiki kabisa. Ipi ya kuogopwa? Halafu huyo mlinzi atajuaje? Atalala chini ya gari na tochi?

Magari ya zamani ndiyo haya haya tuliyo nayo. Kuingiza lililozidi miaka minane hakuruhusiwi. Tukiyatengeneza mwatufuata, tukiyaacha yaoze mwatucheka. Ukitaka gari laini, nunua Vitz.

Abiria wa Likoni

Mimi sina gari. Navuka kwa miguu asubuhi na jioni. Nyinyi mwazungumza habari ya mguu, mimi nafikiria mgongo wangu.

Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatoka kwenye feri ya MV Harambee, likazama na mama na mwanawe ndani. Siihusishi habari hiyo na klachi, msinielewe vibaya. Lakini tangu siku ile, gari likinguruma karibu yangu kwenye feri mimi husogea, na si mimi peke yangu. Mwanangu wa Nyali, hiyo 2,500 unayoiita mbinu, kwetu sisi ni ngurumo nyuma ya magoti. Mama aliyebeba ndoo kichwani hajui kama wewe ni hodari.

Namuunga mkono aliyeleta mada. Na lori za klachi iliyokwisha zirudishwe vile vile, kwani nani alisema ziachwe?

Fundi wa Magongo

Mleta mada, kabla ya feri nikuulize: ile sahani ya zamani mlipoitoa, mliinusa? Ilikuwa kavu au ina mafuta? Sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia mafuta nyuma ya mhimili wa injini) ikivuja, hata klachi mpya ya kiwandani itateleza. Nimeona watu wakinunua seramiki kuziba tatizo la sili.

Sasa hesabu, nayo si ya chuo kikuu. Chukua msuguano, zidisha kwa nguvu ya presha pleti inavyobana, zidisha kwa nusu kipenyo cha wastani, kisha mara mbili kwa sababu sahani ina nyuso mbili. Tufanye mfano. Sahani ya milimita 212, wastani wa nusu kipenyo chake ni kama milimita 88. Presha pleti ibane kwa niutoni 4,000. Laini, yaani tabaka la msuguano juu ya sahani, iwe ile ya kawaida iitwayo ogani, msuguano 0.3. Utapata Nm 211. Injini yako yatoa 162. Hapo una akiba ya asilimia 30, na bado hujanunua kitu cha mbio! Ukitia presha pleti ya niutoni 4,800 na sahani ile ile, wafika 253. Seramiki ya nini? Turbo huna.

Ila pima kwanza. Klachi za ukoo huu wa 4A zipo za milimita 200 na za 212, na flaiwili zake hazifanani. Ukichanganya utalia.

Presha pleti nzito nayo ina deni lake. Kila ukikanyaga pedali, ile nguvu yasukuma krenki mbele, na kinachoizuia ni beringi nyembamba za pembeni. Ukikaa foleni ya Kibarani umekanyaga klachi, wazila hizo. Tia gia huru, ondoa mguu.

Zile springi za katikati ya sahani mwaziona kama pambo. Kazi yake ni kumeza mitetemo ya injini isifike kwenye giaboksi. Sahani isiyo na springi hupeleka kila pigo kwenye meno ya gia zako za tangu 1990. Flaiwili nyepesi ni nzuri kwa anayebadilisha gia juu ya mizunguko 6,000. Kwa anayeondoka Mwembe Tayari mara arubaini kwa saa, ni ya kuzima gari. Sahani ya Kevlar (nyuzi imara za kiwandani) hushika kwa upole kuliko seramiki, lakini yataka kufundwa polepole mjini kama kilomita 800, na vijana hawa hata 80 hawasubiri.

Na haya maneno "stage 1", "stage 2", "stage 3" si kipimo cha mtu yeyote. Kila kiwanda kina yake. Stage 2 ya huyu yaweza kuwa stage 1 ya yule. Muulize muuzaji: yahimili Nm ngapi? Akibabaika, toka dukani.

Kuhusu kuzuia magari sikubaliani nanyi. Mlinzi si fundi.

Mzee wa Mji wa Kale

Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari Rally 1975 na tena 1978. Mimi 504 yangu ya klachi ya kawaida ilipanda Mazeras imejaa nazi miaka kumi na mbili. Sikuwahi kumrukia mtu.

Kijana wa Nyali

Mzee shikamoo, lakini 504 yako ilikuwa na farasi wangapi? Na zile za Safari wakishusha giaboksi njiani, mzee, hawakutia klachi ya kubebea nazi. Fundi, kwa Corolla nimekubali hesabu yako. Kwa turbo yangu sikubali. Nm zangu ni zaidi ya hizo 253, basi ogani itanifikisha wapi? Hapo Likoni tu.

Fundi wa Magongo

Itakufikisha Likoni, na hapo ndipo unapokwenda. Kwa turbo kuna sahani za seramiki zenye springi, na kuna zile za ogani upande mmoja na seramiki upande wa pili. Hushika vizuri na huachia kwa adabu. Wewe ulichukua kali kuliko zote kwa sababu picha yake ilikupendeza. Sema uongo.

Mleta mada

Nimerudi. Jumamosi tumeshusha giaboksi. Sahani ya zamani nilikuwa nimeiweka kwenye buti imefungwa gazeti. Nikaifungua, gazeti lina duara la mafuta, kubwa kama chapati. Fundi, hukuwepo na umeona kuliko sisi tuliokuwa chini ya gari. Laini bado ilikuwa nene. Flaiwili nyepesi nayo, baada ya miezi minne tu, ina madoa ya buluu ya moto pande mbili.

Tumetia sili mpya, flaiwili ya kiwandani iliyochongwa uso, na seti ya ogani ya kampuni ya Exedy ya milimita 212 yenye presha pleti iliyoongezwa nguvu kidogo. Jana nilivuka Likoni maji yakiwa yamekupwa. Foleni ile ile. Gari lilipanda polepole kama mtu anayeingia msikitini kachelewa.

Rai yangu nairekebisha lakini siiachi. Kijana amesema kweli, mlinzi hawezi kukagua klachi. Lakini gari likizima mara mbili kwenye mteremko analiona kwa macho, liwe la mbio au la nazi. Mara ya tatu lisukumwe pembeni kwa mikono, watu wapite kwanza. Na anayeona klachi yake haiwezi foleni, njia ya Dongo Kundu, isiyopita feri, iko wazi, azunguke. Hapo Fundi bado wanipinga?

Ile seramiki ipo kwenye gunia chini ya kitanda. Kijana wa Nyali, usinipigie simu. Kwenye Impreza haiingii.