Karo (vigae vya sakafu) juu ya simenti nyekundu ya zamani: inawezekana?

Yaya_BelAir
Salamu ba ndugu. Niko Lubumbashi, Bel-Air, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Karatasi za parseli zinasema ilijengwa 1957. Sebule na vyumba viwili vina simenti nyekundu, ile tuliyokuwa tunaipiga nta kila Jumamosi ndipo turuhusiwe kutoka kucheza. Sasa imechoka. Karibu na dirisha kuna ufa unaomeza ncha ya kisu, na kando ya ukuta wa bafu kuna unga mweupe: naufagia leo, kesho kutwa umerudi. Jikoni ni vigae vya plastiki vya zamani, vidogo, vichache vimeng'oka na chini yake ni gundi nyeusi kama lami.

Mdogo wangu wa kike ataletewa mahari mwezi wa 12, tunataka nyumba ipokee wageni. Masoni mmoja amesema ataweka karo za 60 kwa 60 juu kwa juu, bila kubomoa kitu, siku nne. Sebule ni mita 4.20 kwa 3.60. Mama hataki kusikia, anasema simenti yake haina ugonjwa. Nimsikilize nani? Na ninunue katoni ngapi?

MwanaLushi
Hesabu ni nyepesi, yaya. 4.20 mara 3.60 ni mita 15.12 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa na kuvunjika, unafika 16.63. Katoni ya karo nne za 60 inafunika 1.44, kwa hiyo katoni 12, na moja ya kuweka akiba. Soma namba ya rangi na ya kipimo pembeni mwa kila katoni kabla hazijapakiwa. Mimi zangu zilipita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara mbili tofauti, jina lilelile, picha ileile, na leo sebule yangu ina mstari kama nguo iliyoshonwa viraka.

Masoni_Katuba
Juu kwa juu inawezekana, lakini si juu ya nta. Dondosha maji kidogo kwenye hiyo nyekundu. Yakikaa kama shanga, nta bado iko, na kole, yaani gundi ya karo, haitashika. Yakinywewa ndani ya dakika moja, sawa. Nyumba iliyopigwa nta miaka yote hiyo, nadhani jibu unalijua tayari: sakafu ikwanguliwe na kuchokolewa yote.

Halafu muulize huyo mwenzangu atatumia nini. Karo za kisasa zile ngumu karibu hazinywi maji kabisa, kwa hiyo uji wa simenti tupu hauzishiki vizuri. Zinataka kole ya mfuko, ipakwe sakafuni kwa mwiko wa meno na nyuma ya karo pia. Ukimwona anaweka matone matano kama maandazi halafu anabandika, msimamishe. Kati ya matone ni hewa. Siku sufuria inaanguka hapo, karo inapasuka.

Na milango? Karo na kole vinapandisha sakafu karibu sentimita moja na nusu.

Papa_Kamalondo
Binti yangu, acha kwanza katoni. Mimi ule unga mweupe njo unaonisumbua.

Ni chumvi. Maji yanapanda kutoka chini, yanayeyusha chumvi ya simenti na matofali, yakifika juu yanakauka na kuiacha hapo. Nyumba nyingi za umri huo hazina plastiki chini ya sakafu, simenti imemwagwa juu ya mawe na udongo. Nta iliyazuia-zuia haya maji miaka yote na simenti ilikuwa inapumua kidogo kidogo. Ukiifunga kwa karo, maji yatahamia ukutani, utaona rangi inavimba hadi magotini.

Fanya hivi. Kata plastiki nene vipande vitatu, nusu mita kwa nusu mita, bandika kwa utepe pande zote nne: kimoja kando ya bafu, kimoja katikati ya sebule, kimoja chumbani. Acha siku mbili. Ukikuta jasho chini ya plastiki, maji yanapanda hapo. Kisha funga bomba zote za nyumba, soma mita ya maji, rudi baada ya saa moja. Namba ikisogea, kuna bomba linalovuja ndani. Isiposogea, toka nje uangalie udongo umeegemea ukuta mpaka wapi.

Kijana_Kampemba
Mnamchosha yaya bure. Anunue parke ya kubofya, ile ya mbao za kushindiliwa, siku moja imekwisha, hakuna kole.

Papa_Kamalondo
Mwanangu, matofali ya mji huu yamechomwa kwa udongo wa vichuguu. Mvua ya kwanza ikinyesha sote tunakimbilia inswa, mchwa wenye mabawa, na beseni. Wewe unafikiri mchwa waliobaki chini ya nyumba wanakula nini? Na juu ya sakafu yenye maji?

Mama_Ruashi
Mimi naongelea jikoni. Vile vigae vidogo vya miaka hiyo, na ile gundi nyeusi, vingi vilichanganywa na amianti (asbesto). Vikiwa vizima havina neno. Hatari ni vumbi lake mapafuni, kwa hiyo mtu asivipige msasa, asivivunje kwa nyundo, wala asivikwangue vikiwa vikavu. Vilivyong'oka vilowanishe, vitoe vizima, vifunge kwenye mfuko. Vingine viache, tandika balatumu mpya, ile zulia ya plastiki, juu.

Masoni_Katuba
Na tarehe, yaya. Ukibomoa na kumwaga simenti mpya ya sentimita 4, hesabu siku moja kwa kila milimita kabla ya kuifunika. Ni siku 40, na mvua inaingia.

Yaya_BelAir
Aksanti sana. Nimerudi na majibu.

Maji yalikaa kama shanga sebuleni kote. Mita haikusogea hata kidogo. Plastiki ya chumbani kavu, ya katikati ya sebule kavu. Ile ya kando ya bafu niliinua asubuhi, ilikuwa inatiririka kama kifuniko cha sufuria ya bukari.

Nikazunguka nje. Nyuma ya ukuta uleule ni tuta la lengalenga, mboga za mama. Udongo umepanda kiganja kizima juu ya sakafu yetu, na analimwagilia kila jioni, ndoo mbili.

Karo sinunui mwaka huu. Ufa tutauziba, nta nyekundu tutaipiga, wakwe watakanyaga hiyohiyo. Jikoni ni balatumu. Tukifika mwezi wa sita na unga haujarudi, nitamwita Masoni_Katuba tuzungumze.

Mama amekubali tuta lihame. Amenionyesha mahali pengine, karibu na mwembe, na akanipa jembe.