Boksi za maandishi hazifuati pambizo, kurasa 96 niburute moja moja??

Fundi_Mwanga
Wakuu habari za usiku. Niko Kigoma, hapa Mwanga nina stationari ndogo, kompyuta mbili na printa moja, kazi zangu ni zile za siku zote, kadi za michango, ratiba za misa, barua za maombi. Sasa kuna mzee wa Ujiji kaniletea historia ya ukoo wao, kaiandika kwa mkono madaftari matatu, anataka kitabu cha A5 nakala 50 kabla ukoo haujakutana. Nimechapa yote kwenye Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, kila ukurasa nachora boksi namwaga maneno, nikifika chini nafungua ukurasa mwingine nachora tena, zikafika kurasa 96. Pambizo, yani zile nafasi tupu za pembeni mwa ukurasa, sikuzigusa, niliacha ile nusu inchi inayokuja yenyewe pande zote.

Nikatoa kopi moja ya majaribio nikaipiga gundi. Aisee ukifungua katikati herufi za mwisho wa mstari zimemezwa na mshono, mzee anakibinua kitabu kama anapasua mgebuka ndo asome. Nikarudi kwenye programu nikaongeza pambizo ya ndani, ile mistari ya bluu ikasogea vizuri tu ila boksi zimebaki pale pale, hazina habari. Kuna namna ya kuziambia zote zikae ndani ya pambizo mpya kwa mkupuo au ndo niburute moja moja hadi kesho kutwa? Nimeshafanya kurasa 11, mkono unauma na zenyewe hazilingani.

kalamu_ya_wino
Mkuu kitabu cha maneno matupu unakichapa Publisher ili iweje? Word ingekutosha. Unachagua pambizo za kioo, ndani unaweka kubwa nje ndogo, maneno yanajipanga yenyewe hakuna boksi wala nini.

Fundi_Mwanga
Kina picha mkuu, za makaburi na nyumba ya zamani, zipo kama kurasa 9 na mzee anataka maneno yazizunguke. Word ikinihamishia picha huwa natamani kulia.

Binti_Isevya
Mwangaluka kaka, salamu kutoka Tabora. Usiburute tena, acha hapo ulipofika.

Kwanza tuelewane, maana hili linawachanganya wengi. Pambizo na boksi ni vitu viwili havijuani. Pambizo ni mistari tu ya kukuonyesha pa kuishia, haichapwi na haimshiki mtu. Boksi ulilolichora kwa mkono lina vipimo vyake, limeanzia wapi, upana kiasi gani, urefu kiasi gani, basi. Ukisogeza mistari, boksi halina sababu ya kusogea kwa sababu hakuna aliyeliambia limefungwa na mistari hiyo. Mpaka programu yenyewe ndo ikutengenezee boksi kutokana na pambizo.

Swali, ulipoongeza ya ndani uliongeza "kushoto" au "ndani"? Kama uliongeza kushoto kwa kurasa zote umeharibu nusu ya kitabu, maana ukurasa wa 2, 4, 6 mshono wake uko kulia. Publisher lazima kwanza masta peji, ule ukurasa mama ambao kurasa zote zinaufuata, uigeuze iwe ya kurasa mbili, hapo ndo inakupa ndani na nje.

Swali la pili, hizo boksi umeziunganisha? Yani maneno yakijaa hapa yanaendelea lile la mbele?

Fundi_Mwanga
Dada umenishika. Niliongeza kushoto 😭 Na sikuunganisha, kila boksi linajitegemea, nilikuwa nakata maneno nabandika.

Binti_Isevya
Pole. Basi ugonjwa wako ni huo wa pili, pambizo ni dalili tu. Hata ukizipata boksi zote zikae sawa, zitakuwa nyembamba kuliko mwanzo, kwa hiyo kila ukurasa mistari mitatu minne ya chini itakosa pa kukaa, na kwa kuwa hazijaunganishwa haitahamia mbele, itajificha. Utachapa nakala 50 zenye mapengo, mababu wa watu wanakatika katikati ya sentensi.

Mimi kazi za vitabu nilihamia Scribus, nayo ni programu ya kupanga kurasa, ni ya bure, haidai leseni na mashine yangu kuukuu inaibeba. Fanya hivi. Maneno yote yatoe kwanza, uyakusanye kwenye faili moja la Word kwa mpangilio wake, hapo ndo penye jasho, hakuna njia ya mkato, kurasa 96 ni kunakili mara 96 ila ni saa moja na nusu hivi ukiwa na chai. Halafu Scribus unafungua waraka mpya, A5, kurasa zinazotazamana, wa kwanza ukae kulia. Pambizo weka kwa milimita, ndani 20, nje 12, juu 15, chini 17. Chini ya hapo kuna kijisanduku kimeandikwa Automatic Text Frames, kitie tiki, idadi ya kurasa andika 96 kisha kubali. Inakupa fremu, ndo boksi zenyewe, kwenye kila ukurasa, zimegusa pambizo pande zote nne, kushoto na kulia zimepishana zenyewe, na zimeshaunganishwa. Unabofya ya kwanza unaingiza lile faili, maneno yanatiririka mpaka mwisho. Ukiona kialama chekundu chenye X kona ya chini ya fremu ya mwisho ujue yamebaki, ongeza kurasa.

Na siku ukitaka fremu moja tu, chukua kile kifaa cha kuchora fremu ya maandishi, shikilia Shifti, bofya mara moja ndani ya ukurasa, inajaa yenyewe hadi kwenye pambizo. Hakuna kuburuta.

mchapaji_mstaafu
Binti kasema vizuri. Naongeza hesabu maana vijana hamziamini. A5 ni milimita 148 kwa 210. Toa 20 na 12, upana wa fremu ni 116. Toa 15 na 17, urefu 178. Ukurasa wa kulia fremu inaanza 20 kutoka kushoto, ukurasa wa kushoto inaanza 12. Ukizijua namba hizo nne hata Publisher unaweza kuziandika kwenye vipimo vya boksi badala ya kukisia kwa mausi, ndo maana zako 11 hazilingani. Ile amri yake ya kupanga vitu kwa kufuata pambizo inasogeza boksi tu, upana haibadilishi, isikudanganye.

Halafu hiyo 20 umeipima au umeisikia? Chukua karatasi tupu idadi ile ile, zipige gundi, fungua katikati, weka rula uone mshono unakula kiasi gani. Karatasi ngumu inakula zaidi.

mtu_wa_tumbaku
Wenye InDesign, ile programu ya Adobe ya kupanga kurasa, mambo haya ni mepesi, unatia tiki fremu kuu wakati wa kufungua waraka, siku ukibadili pambizo unaenda masta peji, unaruhusu irekebishe mpangilio, kurasa zote zinafuata. Ila ukurasa uliokwishauvuruga kwa mkono unaweza kugoma. Tatizo ni ada ya kila mwezi, kwa kadi za michango sijui italipika lini.

Na Publisher yenyewe Microsoft wametangaza kuwa Oktoba 2026 wanaiondolea huduma, kwa hiyo anayejifunza leo ajifunze kitu kingine.

kalamu_ya_wino
Mimi nilikuwa naona "Margins" kwenye menyu za watu nasoma "majini majini" nikadhani ni mambo ya ziwani huko Kigoma, kumbe ndo hizi pambizo 😂

Fundi_Mwanga
Wakuu nimerudi. Kunakili hakujachukua saa moja na nusu, kumechukua usiku mzima, dada hukusema ukweli. Ila Scribus imekubali, fremu zimekaa kama zimepigwa rula, na picha nikiiweka juu ya fremu nikaiambia maneno yaizunguke yanazunguka.

Kasheshe mpya, maneno yamefika ukurasa wa 105. Karatasi moja ya A4 inabeba kurasa nne, kwa hiyo inabidi 108, yani karatasi 27 badala ya 24, mara nakala 50 ni karatasi 150 zaidi na bei nilishapatana na mzee. Nishushe fonti kutoka 12 iwe 11?

mchapaji_mstaafu
Usiguse fonti, wasomaji wa kitabu hicho ni wazee. Anza na nafasi kati ya mistari, umeweka ngapi?

Fundi_Mwanga
16.

mchapaji_mstaafu
Shusha 14.5 uangalie inaishia wapi.

Fundi_Mwanga
Ukurasa wa 95!! Mmoja umebaki mtupu mwishoni, mzee kasema uachwe hivyo hivyo, watoto wataandika majina yao.