Naombeni ushauri: kukutanisha watoto wa wakulima na wa wafugaji

Habari za jioni, wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kilosa. Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa wakulima. Shule ya jirani imejaa watoto wa Kimaasai. Huku mauaji ya Rudewa Mbuyuni ya Desemba 2000, yaliyotokana na ugomvi wa wakulima na wafugaji, bado yanazungumzwa kama ya juzi, na ng'ombe wakiingia shambani, siku hiyo hata watoto hawasalimiani njiani.

Nataka shule hizi mbili ziwe zinakutana kila mwezi. UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ipo, ila inachukua wenye vipaji tu, na huko wanashindana. Mimi nafikiria timu zichanganywe, kisha wale pamoja: sisi tupike makande, wenzetu waje na maziwa. Mwalimu mkuu kakubali. Shida ni wazazi. Mama mmoja kaniuliza, "Mwanangu akichapwa fimbo huko, nije kwako?" Halafu kiangazi wavulana wa upande wa pili wanahama na mifugo.

Mliowahi kufanya hivi, mlianza na watoto moja kwa moja au mliwaita kwanza wenyeviti wa vijiji na malaigwanani (viongozi wa kimila wa Wamaasai)? Na mara ya kwanza mlikutania shule ya nani?