Nyumba karibu na Kahuwa, mto umeanza kujaa: nitajuaje kama maji yatafika?

MamaFuraha
Jambo wapendwa. Nimepata nyumba ya kupanga hapa Bukavu, upande wa Kadutu: vyumba viwili na saluni (sebule), matofali, bati jipya, dola 80 kwa mwezi. Bayeri, yaani mwenye nyumba, anataka garanti (pesa ya dhamana) ya miezi sita kabla ya Jumamosi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ukisimama nyuma ya jikoni unauona mto Kahuwa, kama hatua arobaini hivi. Wiki hii mvua inapiga kila jioni na maji yamefika kwenye mizizi ya mkaratusi wa ukingoni. Bayeri anasema amezaliwa pale na hajaona maji yakiupita ule mti. Komisioneri, dalali wa nyumba, naye anaapa hivyo hivyo, ila yeye hula nikishahamia. Kuta zimepakwa rangi mpya, kijani chini, krimu juu.

Nina watoto watatu na mama mkwe anayetembea kwa fimbo. Mtu anapimaje hatari ya namna hii? Tafadhali msiniambie "mwachie Mungu", hilo nimeshaambiwa kanisani.

Motari wa Essence
Dada, hiyo kijani inafika wapi, gotini au kiunoni? Mimi sipendi rangi mbili kwenye nyumba ya bondeni, ile ya chini huenda inaficha alama ya maji. Pitisha kidole chini ya dirisha uone kama plasta inamomonyoka.

Halafu usiulize wakubwa. Nenda kwa mama anayeuza unga pale jirani, angalia magunia yake yamekaa wapi. Kama yako sakafuni, anajua maji hayaji. Kama ameyapandisha juu ya matofali, umeshajua. Mfanyabiashara hadanganyi na unga wake.

FundiNivo
MamaFuraha, mimi ni masoni, kazi yangu ni misingi na kuta za kuzuia udongo. Nimekulia Uvira, nikahamia huku Bukavu kutafuta kazi.

Hizo hatua arobaini ziache kabisa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia Uvira, ukaua watu na kuacha maelfu bila makao. Waliokuwa mbali na ukingo nao walipata. Mto wa mlimani hauji na maji peke yake, unakuja na mawe, matope na miti. Vikijaza njia yake, maji yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo yaweza kuwa uani kwako.

Mimi huangalia vitu viwili: daraja lililo chini yako na mlima ulio juu yako.

Daraja kwanza. Shuka na mto hadi daraja la kwanza baada ya hiyo nyumba. Chungulia chini yake. Tope limebakiza nafasi gani? Chupa na saashe (mifuko ya plastiki) zimekwama? Sehemu nyingi za mji huu mto ndio jalala letu, na takataka zote zinakutana hapo. Siku daraja likizibwa, maji hayaondoki, yanapanda nyuma yake hadi yapate pa kuruka. Kwa hiyo swali lako halisi ni hili: sakafu yako iko juu au chini ya mgongo wa daraja? Ikiwa chini, maji yatakuwa sebuleni kabla hayajavuka daraja.

Macho yatakudanganya kwenye mteremko. Azima tiyo ya nivo kwa masoni yeyote, ule mpira unaoonyesha maji ndani. Ijaze, toa mapovu yote, ncha moja daraja, nyingine mlangoni: maji husimama usawa mmoja ncha zote mbili. Ikiwa fupi, weka alama ukuta wa njiani, uendelee kutoka hapo. Maji ndani ya tiyo hayana undugu na bayeri.

Sasa mlima. Bayeri huenda anasema kweli juu ya utoto wake, ila mto aliouona si huu. Wakati ule juu kulikuwa na migomba na majani, mvua ilinywewa na udongo. Leo kuna bati juu ya bati, na kila bati linamwaga mtoni kwa dakika ileile. Mvua ileile, mto mwingine.

Na jambo moja la kumwambia kila mtu wa nyumbani kwako, popote utakapohamia karibu na mto: mvua ikiwa bado inanyesha juu na maji yakapungua ghafla, msifurahi. Maana yake yaweza kuwa udongo umeanguka na kuziba mto huko juu. Ukipasuka, vyote vinashuka pamoja. Hapo hubebi godoro, unabeba watoto.

MwanaKalehe
Fundi amesema. Mei 4, 2023 mafuriko yalitukuta kwetu Kalehe; Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, Alhamisi, watu wamejaa. Pale na Bushushu tulizika zaidi ya watu mia nne, na wengine ziwa Kivu liliwachukua. Uvira ziwa Tanganyika likipanda linakupa miezi ya kuhamisha vitu. Mito yetu hii ya Kivu inakupa dakika.

YayaRegine
Sawa, lakini mnamkimbizia wapi? Akipanda mlimani anakutana na udongo unaotembea. Nenda mtaa wa Funu uone kuta zilivyopasuka. Ukikimbia maji ujue unakimbilia nini. Tungekuwa na pesa wote tungepanga Muhumba, mtaa wa matajiri.

FundiNivo
Yaya, ni kweli, siwezi kubisha. Ila nyufa na miti iliyoinama utaviona mchana, kabla hujalipa.

MamaFuraha
Aksanti sana. Nimekwenda na kaka yangu na tiyo. Sakafu iko chini ya mgongo wa daraja, karibu shubiri mbili. Chini ya daraja tope limejaa hata mtoto hawezi kupita bila kutambaa. Mama wa unga ameweka magunia juu ya matofali matatu matatu. Nilipomuuliza kwa nini, alicheka tu, akanipimia kilo yangu.

Nimemwambia bayeri sitalipa. Papo hapo ameshuka hadi dola 50 na garanti ya miezi mitatu.

Motari wa Essence
Kutoka 80 hadi 50 bila hata kukuuliza sababu? Basi anaijua. Shemeji yangu ana nyumba ya mbao juu kidogo, nyuma imekatwa kwenye kilima, dola 60. Ngazi zipo lakini si nyingi. Nikupeleke kesho asubuhi?

MamaFuraha
Nipeleke. Fundi, hapo niangalie nini?

FundiNivo
Zunguka nyuma kabla ya kuingia ndani. Ule ukuta unaoshika kilima una matundu ya kutolea maji? Yanatoa maji au yameziba? Uko wima au umetokeza tumbo? Na maji ya bati yanamwagwa wapi, kwenye mfereji au kwenye mgongo wa ukuta? Piga picha zote nne, zitume hapa. Garanti isitoke mkononi kabla sijaziona.