MREJESHO: Pointi za visima kwenye QField zimekaa mahali pake, picha nusu nusu

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini visima tulivyopima kule Kilosa kwa QField (app ya kuchukulia data za ramani kwenye tableti) vinaonekana kama mita 300 kutoka vilipo kwenye ramani, na picha hazifunguki kwenye kompyuta.

Aliyeniambia niache kuilaumu GPS ya tableti, asante sana mkuu. Kosa lilikuwa langu. Ramani ya zamani niliyoiskani iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa majira ya ramani (namba yake EPSG:21037), mimi nikaiingiza kama WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS (EPSG:32737). Nimeirekebisha ndani ya QGIS, programu ya ramani ya kwenye kompyuta, nikaandaa upya projekti kwa QFieldSync, nyongeza yake ya kupeleka projekti kwenye tableti, na jana visima vimekaa palepale. Siku mbili nzima nilikuwa nawasumbua vijana warudie kupima bure!

Picha: nimeweka njia ya faili ianzie kwenye folda ya projekti, kama mlivyoshauri. Picha mpya zote zinafunguka. Za wiki ya kwanza ndiyo basi tena, kwa sababu nilikopi faili la GeoPackage (lenye pointi tu) peke yake, nikafuta folda ya DCIM (yenye picha) kwenye tableti ili kupata nafasi. Kopi folda nzima, jamani.

Ushauri wa kutumia MBTiles, yaani faili la ramani ya nyuma linalofunguka bila intaneti, nao umesaidia kule kusiko na mtandao, ila zoom 20 (kiwango cha kuikuza ramani) ilifanya faili liwe zito mno, tableti ikawa inaganda. Nimeshusha hadi 17, inatosha.

Visima vilivyokosa picha tunavirudia Jumatatu.